Mwongozo Kamili wa Kutembelea Mkahawa Mpya wa Vitindamlo vya Matcha

Mkahawa wa Kijapani wa matcha, yaani unga wa chai ya kijani, unapofunguliwa, wageni wengi huingia wakiwa na picha moja tu kichwani: glasi ndefu ya kijani, aiskrimu iliyozungushwa juu, na vitonge vyeupe vinavyong'aa pembeni. Huagiza glasi hiyo, huipiga picha, huila hadi nusu, kisha huondoka wakisema ama kwamba matcha ni chungu, ama kwamba ni sukari tupu. Mara nyingi kauli hizo mbili hutokana na mpangilio wa oda, si na chai. Mwongozo huu unashikilia jambo moja na kulifuata hatua kwa hatua: anza na bakuli dogo la chai isiyotiwa sukari, likiwa na kitamu kidogo kando, ndipo uende kwenye glasi kubwa. Mgeni anayefuata utaratibu huo huujua mkahawa kwa undani katika ziara moja, na huokoa fedha na nafasi tumboni.

Hatua ya kwanza: Kijue unachokiendea

Si kila chai ya kijani iliyosagwa kuwa unga ni matcha. Matcha hutokana na majani ya mchai ambayo, kwa takriban wiki tatu hadi nne kabla ya kuchumwa, hufunikwa ili yasipate jua kamili. Kivuli hicho huufanya mmea uongeze klorofili, na ndiyo asili ya ile rangi ya kijani iliyokolea; vilevile huzuia sehemu kubwa ya asidi-amino iitwayo theanini isigeuke kuwa katekini, yaani viambata vinavyoleta uchungu na ukakasi. Baada ya kuchumwa, majani hupitishwa upesi kwenye mvuke ili yasigeuke rangi, hukaushwa bila kuviringishwa, kisha huondolewa vikonyo na mishipa. Kinachobaki huitwa tencha, nayo tencha ndiyo husagwa kwa kinu cha mawe. Usagaji huo ni wa polepole mno: kinu kimoja hutoa takriban gramu 40 kwa saa, kwa kuwa kikizungushwa kwa kasi, joto la msuguano huharibu harufu.

Maelezo haya yana faida ya moja kwa moja kwa mgeni wa mkahawa. Chai iliyopitia kivuli na kinu cha mawe huwa na utamu wa aina ya supu, ule ambao Wajapani huuita umami, na uchungu wake huja nyuma na kuondoka mapema. Unga wa chai ya kawaida iliyosagwa kwa mashine bila kufunikwa shambani huanza kwa uchungu na huacha ukakasi ulimini. Ukizijua ladha hizo mbili, hakuna tangazo la dirishani litakalokuhadaa.

Tangazo linalohadaa zaidi ni lile la "daraja la sherehe". Hakuna kipimo rasmi cha serikali ya Japani kinacholinda maneno hayo. Ni lugha ya biashara, na kila muuzaji huitumia apendavyo. Vigezo vyenye maana ni vitatu: mahali majani yalikolimwa, ni mavuno ya awamu gani, na unga ulisagwa lini. Mji wa Uji, ulio kusini mwa jiji la Kyoto, ndio wenye jina kongwe zaidi. Nishio mkoani Aichi na Yame mkoani Fukuoka nazo zinaheshimiwa, na Kagoshima imepanda kwa kasi katika uzalishaji wa tencha. Mavuno ya kwanza, ya majira ya kuchipua, huwa laini na yenye theanini nyingi. Mavuno yanayofuata huwa makali zaidi, nayo hayastahili kudharauliwa: jani kali ndilo linalosikika ndani ya maziwa, krimu na sukari, ilhali jani laini la bei kubwa humezwa humo lisionekane. Mkahawa unaotia unga wake bora kabisa ndani ya keki ya jibini unapoteza fedha, na mgeni anayeulipia ndiye mwenye hasara.

Kuna jambo la soko pia. Kiu ya dunia kwa matcha imepanda kiasi kwamba katika majira ya vuli ya mwaka 2024 maduka makongwe ya Kyoto kama Ippodo na Marukyu Koyamaen yaliweka kikomo cha ununuzi. Mkahawa unaofunguliwa katika hali hiyo huenda ukalazimika kubadilisha msambazaji kati ya mwezi mmoja na mwingine, na ladha ikabadilika ilhali menyu ni ileile. Kwa hiyo usishangae sifa ulizosikia kwa wengine zikitofautiana na utakachokionja mwenyewe.

Hatua ya pili: Chagua siku na saa

Ushauri wangu ni kuacha siku za kwanza zipite. Juma la ufunguzi huwa na foleni ndefu, vyakula vinavyokwisha mapema na wahudumu ambao bado wanajifunza mahali pa kila kitu. Na upigaji chai kwa mkono, unaohitaji utulivu, ndio unaoathirika kwanza. Wiki ya tatu au ya nne ni bora: mikono imezoea, menyu imepunguzwa ikabaki na vinavyoweza kutengenezwa vizuri, na wapenda picha wengi wamekwisha pita.

Nenda siku ya kazi, muda mfupi baada ya mlango kufunguliwa au katikati ya alasiri kabla ya watu kutoka kazini. Kabla ya kuondoka, hakikisha mambo manne: iwapo nafasi huwekwa mapema au hugawiwa namba mlangoni, saa ya mwisho ya kupokea oda, ambayo hutangulia saa ya kufunga, muda unaoruhusiwa kukaa mezani, na njia ya malipo, kwa kuwa baadhi ya mikahawa mipya haipokei fedha taslimu. Iwapo kuna kitindamlo cha idadi maalumu kwa siku, kama barafu iliyokwanguliwa au mochi (kitonge laini cha mchele wa kunata) iliyotengenezwa asubuhi ileile, uliza kama kinaweza kuhifadhiwa kwa jina.

Usiende ukiwa umeshiba, wala usiende na njaa kali. Mwenye njaa hula sukari kwa haraka, na ulimi uliokwisha kulewa sukari hausikii chai.

Hatua ya tatu: Fikiria mwili wako kabla ya menyu

Katika matcha unakunywa jani zima, si maji yaliyopita kwenye jani, na hili hubadilisha hesabu ya kafeini. Jedwali rasmi la vyakula la Japani linaonyesha gramu 3.2 za kafeini katika kila gramu 100 za unga, maana yake bakuli lenye gramu 2 lina takriban miligramu 64. Chai nzito iitwayo koicha hutumia karibu mara mbili ya unga huo kwa mtu mmoja. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya huweka miligramu 400 kwa siku kuwa kiasi kisicholeta wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito. Bakuli moja, kinywaji kimoja cha maziwa na glasi ya aiskrimu vikijumlishwa, mjamzito anaweza kukikaribia kikomo chake katika kikao kimoja. Na yeyote mwenye usingizi mwepesi atajuta akivitumia jioni.

Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, azungumze na daktari wake kwanza, kwa kuwa unga huu una vitamini K kwa wingi. Mwenye upungufu wa damu asiifanye chai hii kiteremshio cha mlo wenye madini ya chuma, kwa sababu viambata vya chai hupunguza ufyonzwaji wa chuma kitokanacho na mimea.

Kuhusu vyakula vyenyewe, mambo ya kuuliza ni mengi kuliko yanavyoonekana. Mochi na vitonge vya shiratama hutengenezwa kwa mchele wa kunata na havina ngano, lakini dango, yaani vitonge vya unga wa mchele vinavyochomekwa kijitini, zikipakwa mchuzi mtamu wa soya kwa kawaida huwa na ngano iliyomo katika mchuzi huo. Unga wa dhahabu uitwao kinako ni soya iliyokaangwa bila mafuta ikasagwa, hivyo mwenye mzio wa soya auepuke. Jeli za jadi hugandishwa kwa kanten, inayotokana na mwani, na hizo zinamfaa hata asiyekula nyama. Lakini mikahawa mingi ya kisasa hutumia jelatini katika jeli, keki za jibini na krimu zilizogandishwa, na jelatini hutoka kwa wanyama, wakiwamo nguruwe. Msomaji anayezingatia halali aulize waziwazi: "Hii imegandishwa kwa kanten au kwa jelatini, na jelatini hiyo ni ya mnyama gani?" Aulize pia kama tiramisu au michuzi imetiwa pombe, na kama ina mayai mabichi. Mhudumu asiyejua aombwe akamuulize mpishi. Jibu la kubahatisha lisikubaliwe.

Kwa watoto wadogo na wazee, mochi ikatwe vipande vidogo na itafunwe taratibu. Nchini Japani kwenyewe watu hukabwa na mochi kila mwaka, hasa wazee katika msimu wa Mwaka Mpya.

Hatua ya nne: Mlangoni na mezani

Ukifika, usikimbilie kuketi hata kama kuna meza tupu. Ngoja uonyeshwe nafasi, au andika jina lako kwenye orodha iliyopo mlangoni. Baadhi ya mikahawa humtaka kila aliyeketi aagize angalau kitu kimoja, na sharti hilo ni la haki mahali penye viti vichache. Ukiletewa kitaulo chenye unyevu, ni cha mikono; pangusa nacho mikono, kikunje, na ukirudishe kwenye trei yake.

Ukiweza kuchagua, kaa karibu na kaunta inakopigwa chai. Kutoka hapo utaona iwapo unga unachotwa kwenye kopo dogo linalofunikwa mara moja au kwenye chombo kikubwa kilichoachwa wazi chini ya taa. Mwanga, hewa na joto ndivyo maadui wa matcha, na unga ulioachwa wazi hugeuka kutoka kijani kibichi hadi rangi ya zeituni, kisha manjano yenye ukahawia, huku harufu yake ikifanana na majani makavu. Utaona pia kama unga unachekechwa kabla ya kutiwa maji. Usipochekechwa, utakutana na mabonge bakulini. Na utaona chombo cha kupigia: chasen, kipigio kilichochongwa kutoka kipande kimoja cha mwanzi na kupasuliwa kuwa nyuzi nyembamba nyingi, kazi ambayo kijiji cha Takayama mkoani Nara kimeifanya kwa karne nyingi. Mashine ndogo ya umeme si dhambi kwa vinywaji vya maziwa. Kwa bakuli la chai tupu, hata hivyo, mkahawa unaojiita wa Kijapani hauna udhuru wa kutokuwa na chasen.

Hatua ya tano: Soma menyu

Menyu za mikahawa hii hutisha kwa majina, lakini kwa kweli zina makundi machache.

Kundi la kwanza ni chai zenyewe. Usucha ni chai nyepesi: gramu 2 hivi za unga katika mililita 60 hadi 70 za maji ya takriban nyuzi 80, iliyopigwa hadi kutoa povu. Koicha ni nzito kama rojo, haipigwi bali hukandwa polepole kwa kipigio, na hufaa kuonjwa baada ya kuizoea usucha. Hojicha ni chai ya kijani iliyokaangwa bila mafuta, yenye rangi ya kahawia na harufu ya kukaangwa. Ni kimbilio zuri la mtu mliyefuatana naye asiyependa ladha ya majani mabichi.

Kundi la pili ni vitamutamu vya jadi. Hapa ndipo utakapokutana na anko, yaani maharage mekundu ya azuki yaliyopikwa na sukari hadi kuwa rojo, ambayo ni msingi wa karibu kila kitu. Daifuku ni mochi iliyofunika anko. Dorayaki ni vipande viwili vya keki bapa vilivyobana anko. Anmitsu ni bakuli la vipande vya kanten, matunda na anko, likimwagiwa shira nyeusi ya sukari guru iitwayo kuromitsu. Warabimochi hutengenezwa kwa wanga, asili yake wanga wa mizizi ya mmea wa jamii ya kangaga uitwao warabi, na hutetemeka kijikoni. Wanga halisi wa warabi ni ghali, hivyo mikahawa mingi huuchanganya na wanga wa viazi vitamu au wa muhogo, na matokeo bado huwa mazuri.

Kundi la tatu ni vitindamlo vya kisasa: glasi ya tabaka iitwayo pafe, keki ya kuviringishwa, keki ya jibini, tiramisu iliyopangwa ndani ya kijisanduku cha mbao, aiskrimu laini. Baadhi ya maduka hupanga aiskrimu kwa ukali. Suzukien la Asakusa, jijini Tokyo, limejulikana kwa ngazi saba za matcha. Ukikuta ngazi za namna hiyo, anza na ya katikati. Ya juu kabisa huagizwa zaidi kwa ujasiri kuliko kwa ladha.

Kuhusu vilivyookwa, chunga macho yako. Joto la tanuri huififisha klorofili, na keki ya matcha iliyookwa bila msaada hutoka na kijani kilichotulia, chenye ukahawia kwenye kingo. Biskuti zenye kijani kinachowaka kwa kawaida zimetiwa rangi, au zimeongezewa klorela, mwani mdogo ambao waokaji huutumia kushikilia rangi. Si hatari kwa afya, ila rangi hiyo haikuambii lolote kuhusu wingi wa chai iliyomo.

Hatua ya sita: Agiza kidogo, kwa mpangilio

Kwa watu wawili, oda ninayoipendekeza ni hii: usucha mbili zenye kitamu kidogo cha jadi kwa kila mmoja, kisha kitindamlo kimoja kikubwa cha kugawana. Kwa mtu mmoja, usucha na kitamu chake, halafu aiskrimu ndogo au kipande cha keki. Mwambie mhudumu mapema kwamba ungependa kitindamlo kikubwa kije baada ya chai kwisha, kwa sababu jikoni wakiachiwa wenyewe wataleta vyote pamoja, nawe utalazimika kuchagua kati ya chai inayopoa na aiskrimu inayoyeyuka.

Usiagize kinywaji baridi cha matcha chenye maziwa pamoja na pafe. Viwili hivyo ni kitu kilekile katika vyombo viwili: maziwa, sukari, barafu na unga uleule. Anayetaka maziwa aagize kinywaji hicho pamoja na kitu kisicho na maziwa, kwa mfano warabimochi. Kama mkahawa unaruhusu, omba kinywaji kisitiwe sukari na shira iletwe pembeni. Vinywaji vingi vya aina hii hutengenezwa kwa unga uliokwisha changanywa na sukari, na jibu la mhudumu kwamba "haiwezekani kuitoa" litakuwa limekueleza ukweli wote kuhusu jikoni mwao.

Hatua ya saba: Bakuli la chai

Hapa ndipo kiini cha ziara. Katika utamaduni wa chai uliopewa umbo na bingwa wa chai wa Japani Sen no Rikyu (1522–1591) na waliomtangulia, kitamu huliwa kwanza na kumalizwa kabla ya kugusa bakuli. Hakitafunwi kwa zamu na chai. Sababu ni ya ladha kabla ya kuwa ya adabu: sukari iliyobaki ulimini hupokea uchungu wa chai na kuufanya laini, na kadiri sukari inavyoondoka ndivyo umami unavyojitokeza. Anayekunywa chai kwanza hupata uchungu mtupu, kisha huufukuza kwa sukari. Viungo ni vilevile, lakini anayefuata mpangilio wa kwanza hunywa chai tofauti kabisa na ya huyu wa pili.

Kula basi kitamu chako chote. Kisha liinue bakuli kwa mkono wa kulia, uliweke juu ya kiganja cha kushoto, na ulizungushe kidogo ili usinywee upande wa mbele wenye pambo. Katika mkahawa hakuna atakayekukosoa usipofanya hivyo, lakini mzunguko huo mdogo hukupa nafasi ya kunusa kabla ya kunywa. Nusa kweli. Unga mzuri hunukia majani mabichi yaliyolowa, pamoja na kitu kinachokaribia mwani. Unga uliochakaa hunukia vumbi.

Tazama povu, ila usilifanye kipimo pekee. Wafuasi wa shule ya chai ya Urasenke hupiga hadi povu dogodogo lifunike uso wote, ilhali wa Omotesenke huacha sehemu ya uso bila povu kwa makusudi. Kasoro ya wazi ni mapovu makubwa kama ya sabuni, na mabonge yanayoelea. Kunywa kwa mafunda machache ndani ya dakika chache, kwa kuwa unga hauyeyuki bali umeelea tu ndani ya maji, na ukiuacha utatuama chini. Funda la mwisho linaruhusiwa kutoa sauti.

Baada ya kumeza, subiri. Ukihisi utamu unarudi kooni, mkahawa huu una unga mzuri na mkono unaoujua. Ukihisi ukakasi unaokausha ulimi, ama unga ni hafifu ama maji yalikuwa ya moto mno. Maji yaliyochemka hutoa uchungu hata kwenye jani bora. Waweza kumuuliza mhudumu kwa upole walitumia maji ya joto gani. Swali hilo halimvunjii mtu heshima, na katika mkahawa mpya mara nyingi hupokelewa kwa furaha, kwa sababu linaonyesha kwamba kuna aliyeonja.

Hatua ya nane: Kitindamlo kikubwa

Kama unataka picha, ipige mara tu kinapowekwa mezani, bila mwanga wa kamera na bila kuwaingiza wageni wa meza nyingine. Mwanga wa dirishani unatosha. Aiskrimu laini haingoji mpangilio wa vijiko.

Pafe haichanganywi. Imepangwa ili ladha ibadilike kadiri kijiko kinavyoshuka: juu aiskrimu na unga wa chai, katikati anko na krimu, chini jeli ya chai isiyo na sukari nyingi, ambayo kazi yake ni kuusafisha ulimi. Anza na vitonge vya shiratama, kwa sababu vikikaa karibu na baridi hukakamaa. Kisha aiskrimu pamoja na anko kidogo, maana anko peke yake ni tamu mno na matcha peke yake ni kali. Tabaka la nafaka za kukaangwa, likiwapo, lifikie mapema kabla halijalowa. Ukifika chini ukakuta krimu tupu badala ya jeli, mpangaji alikuwa anajaza glasi tu.

Barafu iliyokwanguliwa, hasa ile iitwayo Uji kintoki yenye shira ya matcha na azuki, huliwa kwa kuingiza kijiko pembeni na kuelekea katikati, si kwa kuchimba juu, la sivyo kilima chote huporomokea mezani. Mimina shira kwa awamu. Kula polepole, kwani baridi ya ghafla kaakaani huleta yale maumivu makali ya paji la uso yanayojulikana na kila mpenda barafu.

Warabimochi iliyonyunyiziwa kinako ina hatari yake ndogo ya kuchekesha: usivute pumzi kijiti kinapokaribia mdomo, kwa maana unga huo mwepesi huingia kooni na kikohozi huwa kirefu. Onja kipande kimoja bila shira kwanza. Halafu mimina kuromitsu kidogo kidogo. Ladha yake ni nzito, na ikizidi hufunika kila kitu.

Chochote kikikushinda kwa utamu, agiza hojicha ya moto badala ya kulazimisha. Na kama kitu kilikuja na kasoro, mwambie mhudumu hapohapo, kwa maneno mahususi: "jeli ilikuwa imeganda kwa barafu" inamsaidia mpishi, "sikukipenda" haimsaidii. Mkahawa wa wiki chache bado unaweza kubadilisha mapishi yake.

Hatua ya tisa: Vya kubeba

Vitu vya kubeba vichaguliwe kwa umri wake. Dorayaki na keki zilizookwa husafiri vizuri. Daifuku na warabimochi ni vya siku ileile, tena visitiwe kwenye friji, kwani baridi huvikakamaza na kuvifanya viwe vyeupe na vigumu. Keki za krimu zibebwe na vipande vya barafu, na useme safari yako itachukua muda gani ili vitiwe vya kutosha.

Ukinunua unga, chukua kopo dogo la gramu 20 hadi 40, si mfuko mkubwa, hata kama mfuko ni nafuu kwa hesabu ya gramu. Soma tarehe, mahali pa asili, na orodha ya viambato, ambayo inapaswa kuwa na kitu kimoja tu: chai. Uliza ni unga wa kunywa au wa kupikia, na ununue ule wa kupikia iwapo unakusudia keki. Kopo ambalo halijafunguliwa likae kwenye friji. Likitolewa, lisifunguliwe hadi lifikie joto la chumba, kwa sababu unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya unga baridi na kuutia mabonge. Likishafunguliwa, lifungwe barabara kila baada ya kuchota, likae mbali na jiko na viungo vyenye harufu, na litumike ndani ya takriban mwezi mmoja. Chekecha gramu mbili kabla ya kila bakuli, na maji yaliyochemka yaache yapoe kwa kuyamimina kwanza kwenye chombo kingine.